Saa za mazoezi kwenye jua la Dodoma: kioo kipi kinasomeka, na kizime baada ya sekunde ngapi

Kwenye maduka ya simu katikati ya mji wa Dodoma, saa ya mazoezi huuzwa kwa sifa za sensa: mapigo ya moyo, oksijeni ya damu, usingizi, aina za michezo zaidi ya mia. Kioo huonyeshwa kikiwaka ndani ya kabati, kwenye kivuli, na kwenye kivuli hakuna kioo kibaya. Ubaya hujitokeza nje. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni nadra, anga ni safi, na jua la saa 4 asubuhi linapiga moja kwa moja kwenye mkono wa mkimbiaji. Anayezunguka barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au zile pana za Mji wa Serikali Mtumba muda huo anataka kitu kimoja: ashushe macho, asome kasi na mapigo, aendelee. Ikimlazimu asimame, aikinge saa kwa kiganja na kuigonga mara mbili, sensa zote zile hazijamfaa kitu.

Ndiyo maana hapa saa tunazipima kwa kioo kwanza, pamoja na mipangilio mitatu inayokiongoza: muda wa kioo kuzima, kioo kuwaka muda wote, na kuwaka kwa kuinua mkono. Mipangilio hii imejificha ndani ya menyu, wauzaji wengi hawaielezi, na saa nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kutunza chaji kuliko kumhudumia mtu anayetoka jasho juani.

Vioo vya aina tatu

Cha kwanza kinaitwa MIP. Utakikuta kwenye Garmin Forerunner 55 na 255, Instinct 2, Fenix 7, na kwenye Coros Pace 3. Hakitegemei mwanga wake chenyewe. Kinarudisha mwanga unaokiangukia, kama gazeti, kwa hiyo jua likizidi na maandishi yanazidi kuonekana. Tarakimu haziondoki kwenye kioo wakati wowote. Sekunde za kuzima zinahusu taa tu, ile inayohitajika gizani. Rangi zake zimepauka, na ukiiweka kando ya simu inaonekana kama saa ya zamani, jambo linalowafanya wanunuzi wengi waipite. Kwa mtu wa mazoezi ya nje, huko ni kuacha kilicho bora. Forerunner 55 ina pikseli (nukta zinazounda picha) 208 kwa 208 tu, lakini inakaa na chaji hadi siku 14 kwa matumizi ya kawaida na hadi saa 20 GPS ikiwa inafanya kazi, na mchana wa Dodoma inasomeka bila kuinuliwa wala kuguswa. Forerunner 255 inapanda hadi pikseli 260 kwa 260 na saa 30 za GPS.

Cha pili ni AMOLED, pamoja na ndugu zake wa familia ya OLED: Forerunner 165, 265 na 965, Garmin Venu, Apple Watch, Galaxy Watch, Huawei Watch GT, na bendi nyingi za Xiaomi, yaani saa ndogo nyembamba za mkononi. Hapa kila pikseli inajiwakia yenyewe, na nyeusi maana yake ni pikseli iliyozimwa. Ndani ya nyumba hakuna kinachoshinda kioo hiki kwa uzuri. Nje kinapambana na jua kwa nguvu ya mwanga wake, inayopimwa kwa niti. Xiaomi Smart Band 7 ina niti 500, Band 8 ina 600, Band 9 imefika 1,200. Apple Watch Series 7 ina niti 1,000, Series 9 ina 2,000. Kwa jua la Kanda ya Kati, kioo cha niti 500 au 600 utakisoma kwa kukikinga. Kuanzia 1,000 ndipo kutupa jicho mara moja kunaanza kutosha. Kama unachagua kati ya Band 8 na Band 9, tofauti hiyo peke yake inatosha kukufanya uongeze pesa kidogo uchukue Band 9.

Cha tatu ni LCD, yenye taa inayomulika nyuma ya kioo kizima kila kinapowaka. Kuchagua sura nyeusi hakuokoi chaji, kwa sababu taa iliyo nyuma haijui nyeusi wala nyeupe. Amazfit Bip 5 ni LCD, kubwa ya inchi 1.91, inasomeka vizuri ofisini na kwa shida barabarani. Bip 6 iliyofuata imehamia AMOLED ya niti 2,000, na ni saa nyingine kabisa. Oraimo wanatoa za aina zote mbili, kwa hiyo soma boksi la modeli unayoitaka, usiende kwa jina. Saa za kuigiza umbo la Apple Watch Ultra zinazopangwa kwenye meza za barabarani nyingi ni LCD, hata boksi likiandikwa AMOLED kwa herufi kubwa.

Boksi likiandika hivyo, usibishane na muuzaji, pima. Chagua sura ya saa yenye mandhari nyeusi, funika saa kwa viganja viwili pasiingie mwanga, kisha chungulia kwa jicho moja. Kioo cha LCD kitaonyesha kijivu kinachong'aa hadi kwenye kingo. Kwenye AMOLED utaona tarakimu zinaelea gizani na hutaweza kusema kioo kinaishia wapi. Baada ya hapo pandisha mwangaza hadi mwisho, mwombe muuzaji mtoke wote hadi mlangoni kwenye jua, nyoosha mkono usawa wa kifua na usome. Dakika mbili hizo zinakuambia mengi kuliko maelezo yote ya kwenye boksi.

Sekunde ngapi zinatosha

Chukua mfano wa mtu anayeinua mkono kutazama saa mara 120 kwa siku. Kioo kikiwaka sekunde 5 kila mara, jumla ni dakika 10. Kikiwaka sekunde 15, ni nusu saa. Kikiwaka sekunde 30, ni saa nzima ya kioo kinachowaka kwa nguvu zote. Kwenye bendi ndogo kama Band 8, yenye betri ya milliampia 190, tofauti hiyo haijifichi. Ndiyo sababu watengenezaji wa bendi huanza na sekunde chache.

Lakini sekunde 5 kwa mkimbiaji ni chache mno. Mkono unafika usoni, kioo kinachelewa kidogo kuwaka, macho yaliyozoea barabara yenye mwanga mkali yanahitaji muda kuzoea kioo kidogo, na mkono wenyewe unatikisika. Kati ya sekunde 5, unabaki na kama 2 za kusoma. Anayepanda mlima au anayefanya mbio za vipande, mwenye pumzi juu, mara nyingi atakuta kioo kimezima kabla hajaelewa alichoona, na atainua tena. Kuinua mara mbili kwa sekunde 5 kunakula chaji ile ile ya kuinua mara moja kwa sekunde 10, na umepoteza utulivu wa mkono.

Kwa maisha ya kawaida panga kati ya sekunde 5 na 8. Kwa mazoezi panga 15. Ukijiona unahitaji zaidi ya 30, tatizo haliko kwenye muda. Washa kioo kibaki kikiwaka wakati wa mazoezi peke yake, kisha saa irudi kwenye tabia yake ya kawaida ukimaliza. Saa nzuri inaruhusu kutenganisha hali hizi mbili, na kwetu sisi huu ndio mstari unaotenganisha saa ya mazoezi na saa ya mapambo.

Namna ya kupanga, saa kwa saa

Garmin wamelifanya hili vizuri kuliko wote. Kwenye Forerunner 255, shikilia kitufe cha katikati upande wa kushoto, ingia Settings, System, kisha Backlight. Utakuta During Activity, General Use na During Sleep, kila moja na mipangilio yake. Kwa mchana huhitaji taa kabisa, kwa hiyo kwenye General Use unaweza kuzima Gesture (taa kuwaka kwa kuinua mkono) na kubaki na taa ya vitufe. Kitufe cha juu kushoto kinawasha taa wakati wowote. Kwa wanaokimbia alfajiri, kwenye During Activity acha Gesture na Alerts (taa kuwaka arifa ikiingia) zikiwa zimewashwa. Modeli zinazotoa chaguo la After Sunset ni nzuri zaidi, kwa sababu ishara ya mkono itawasha taa jua likishazama tu. Dodoma jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni karibu mwaka mzima, hivyo tabia ya saa haitakubadilikia kutoka mwezi hadi mwezi.

Kwenye Garmin za AMOLED kama Forerunner 165 na 265, njia ni Settings, System, Display. Ndani ya During Activity washa Always On Display (kioo kuwaka muda wote) na uache mwangaza juu. Ukishusha mkono kioo kinafifia lakini namba zinabaki, na ukiuinua kinarudi kamili. Ndani ya General Use zima Always On Display, washa Gesture, na uchague Timeout fupi. Garmin wenyewe wanaonya kwamba kuacha kioo kikiwaka muda wote kunapunguza chaji na umri wa kioo. Mfano wa wazi ni Venu 3: siku 14 kwa kuinua mkono, siku 5 kioo kikiwaka muda wote. Forerunner 265 inatajwa kwa siku 13 na saa 20 za GPS, na siku hizo 13 ni za kuinua mkono.

Apple Watch ina mpangilio mfupi. Kwenye saa fungua Settings, kisha Display & Brightness. Chini utakuta Wake Duration, yenye chaguo mbili tu: sekunde 15 au sekunde 70. Kwa mazoezi chagua 70 kama saa yako haina Always On, yaani zilizotoka kabla ya Series 5 pamoja na SE za kizazi cha kwanza na cha pili. Zenye Always On ziache kwenye 15. Usishtuke ukiona sehemu za mia za sekunde zinatoweka ukishusha mkono katikati ya mazoezi. Kioo kinapunguza kasi ya kujichora upya ili kutunza chaji, muda wenyewe unaendelea kuhesabiwa. Kumbuka pia kwamba Low Power Mode (hali ya kuokoa chaji) huzima Always On, na wengi wanadhani saa imeharibika. Kwa chaji ya saa 18 ambayo Apple wanaitaja kwa modeli nyingi za kawaida, saa hii inamfaa aliye karibu na umeme kila jioni. Anayeishi Bahi au Kondoa vijijini na kutegemea sola ya nyumbani afikirie mara mbili.

Galaxy Watch 4 na zilizofuata zinafanya kazi na simu za Android pekee. Ingia Settings, Display, Screen timeout. Chaguo fupi kabisa ni sekunde 15, kwa hiyo huwezi kubana chini ya hapo. Always On Display iko kwenye menyu ile ile. Galaxy Watch6 inatajwa kukaa hadi saa 40 bila Always On na hadi 30 ikiwashwa, pengo dogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kinachokula chaji zaidi kwenye saa hizi ni mfumo wenyewe unaofanya kazi muda wote. Kwa mazoezi, fungua Samsung Health kwenye saa, chagua zoezi, gusa alama ya mipangilio kabla ya kuanza, uwashe kioo kubaki kikiwaka. Hapo huna haja ya kugusa mpangilio wa saa nzima.

Bendi za Xiaomi zinapangwa sehemu mbili: sekunde na mwangaza kwenye bendi yenyewe, kuinua mkono na ratiba yake kwenye programu ya Mi Fitness ya simuni. Ongeza sekunde kutoka zile za kiwandani, na kwenye kuinua mkono chagua wepesi mkubwa kama unakimbia, wa kawaida kama unafanya kazi za mikono siku nzima. Kioo cha muda wote kinakata sana hapa: Band 8 inashuka kutoka siku 16 hadi 6, Band 9 kutoka 21 hadi 9. Band 7 haina sensa ya mwanga, kwa hiyo mwangaza unaupandisha kwa mkono kabla ya kutoka nyumbani na kuushusha usiku. Ni usumbufu, na ni sababu nyingine ya kutoinunua leo.

Amazfit, kwa programu ya Zepp, wana mpangilio mmoja ambao tungependa wengine wauige: kioo cha muda wote kinaweza kufuata ratiba, au kujiongoza chenyewe kwa kuzima saa isipovaliwa au ukiwa umelala. Ukipanga ratiba ya 05:30 hadi 07:30, unapata kioo kinachowaka muda wa mazoezi tu. Kuwa makini na kuandika saa hizi. Saa zote hizi zinahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 11 na nusu alfajiri ni 05:30, na saa 4 usiku ya kulala ni 22:00. Ratiba ya usingizi iliyowekwa 04:00 kwa nia ya saa 4 usiku itakuzimia kioo wakati ambapo wewe unafunga kamba za viatu.

Mkono umeinuliwa, kioo hakijawaka

Kuwaka kwa kuinua mkono kunategemea kipima mwendo kinachotafuta miondoko miwili kwa pamoja: mkono kupanda na kifundo cha mkono kujizungusha hadi kioo kielekee usoni. Ukikosekana mmoja, hakuna kitu. Ndiyo maana mwendesha baiskeli kwenye barabara ya Dodoma kwenda Manyoni, mikono ikiwa imetulia kwenye usukani, anaweza kukaa muda mrefu bila kioo kuwaka hata mara moja. Kwa baiskeli usitegemee ishara hii. Washa kioo cha muda wote kwa zoezi la baiskeli, au funga saa ya MIP kwenye usukani uisome kama spidomita.

Ikigoma na kwa mkimbiaji, angalia kwanza kama saa imeingia hali ya usingizi au ya kutosumbuliwa, kwa sababu nyingi huzima ishara ya mkono humo. Kisha angalia hali ya kuokoa chaji, nayo huzima. Kisha angalia mkono uliosajiliwa: saa iliyopangwa mkono wa kushoto ikivaliwa kulia inasoma mzunguko kinyume. Mwisho angalia mkanda. Saa inayoning'inia na kugeukia chini ya kifundo haitajua uso wako uko wapi. Iwe kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, imekaza kiasi cha kutoteleza ukitikisa mkono. Mkao huo huo unasaidia na sensa ya mapigo.

Kuna na kinyume chake, kioo kinachowaka bila kuitwa. Dereva wa usiku anayezungusha usukani, mwalimu anayeandika ubaoni, waumini wanaoinuka na kuinama kwenye ibada. Kwa hao, hali ya ukumbi wa sinema kwenye Apple Watch na Galaxy Watch huzima ishara kwa muda, na kioo kinawaka kwa kubonyeza tu.

Jua, joto na vitu vinavyoziba kioo

Mwangaza wa kujipanga wenyewe ni mzuri mpaka sensa yake inapozibwa. Iko pembeni ya kioo, ndogo, karibu haionekani. Julai asubuhi Dodoma ni baridi na watu hukimbia na jaketi. Mkono wa jaketi ukifunika ukingo wa saa, sensa inadhani ni usiku na kushusha mwangaza, halafu unapotoa mkono inachukua muda kupanda. NBC Dodoma Marathon, inayofanyika Julai kuanzia Uwanja wa Jamhuri, ni mtihani kamili wa jambo hili. Jua la mwezi huo hutoka karibu saa 12 na dakika 45, kwa hiyo anayepasha misuli saa 12 asubuhi yuko gizani na mwenye kilomita 42 anamaliza jua likiwa kali. Kama saa yako ni AMOLED ya niti 600 kushuka, siku hiyo zima mwangaza wa kujipanga na uweke wa juu mwenyewe. Kama ina niti 1,000 na zaidi, acha ijipange, kunja mkono wa jaketi.

Protekta za vioo vya saa nazo zina lawama yake. Protekta nene au iliyopinda pembeni hufunika sensa ya mwanga, hubakiza hewa kingoni na kufanya kugusa kuwe kuzito. Ukitaka kinga, chagua filamu nyembamba isiyofika ukingoni. Miwani ya jua yenye kichujio cha polaraizi inaweza kufanya kioo kiwe cheusi kwa pembe fulani. Kabla ya kuilaumu saa, geuza mkono robo mzunguko uone kama namba zinarudi.

Joto nalo linaingia. Kioo cha OLED kikiwaka kwa nguvu zote juani hupata moto, na saa hujishusha mwangaza yenyewe kujilinda. Apple wanataja nyuzi 0 hadi 35 kama mazingira ya kutumia saa yao, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inapita kiwango hicho mapema sana. Usiiache humo, na usiichaji ikiwa bado ya moto.

Anayekaa juani kwa kazi, kama mkulima wa zabibu Hombolo au mpimaji ardhi, afikirie Instinct 2 Solar. Garmin wanasema modeli ya ukubwa wa kawaida haihitaji kuchajiwa kwa matumizi ya saa ya kawaida ikipata saa 3 kwa siku za mwanga wa laksi 50,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na jua la wazi la mchana linapita hapo. Ukianza kutumia GPS kila siku hesabu hiyo inabadilika, lakini kwa mahali penye jua kama hapa hakuna saa inayotumia mazingira yake vizuri kuliko hiyo.

Jasho, vumbi, na kioo kinachojigusa

Vioo vya kugusa husoma umeme wa ngozi, na tone la jasho lenye chumvi linasomeka kama kidole. Matokeo yake ni kurasa zinazojigeuza, au zoezi kusimamishwa katikati. Kwenye Forerunner 265 na 165 zima kugusa wakati wa mazoezi kwenye mpangilio wa Touch ulioko ndani ya System, utumie vitufe. Apple Watch ina Water Lock, inayofunga kugusa. Kuifungua shikilia taji la pembeni. Bendi zisizo na kitufe chochote, kama Band 8 na 9, ndizo zinazoteseka zaidi hapa, na hakuna mpangilio unaozitibu kikamilifu.

Vumbi la Dodoma ni laini na lina chembe za mchanga. Kufuta kioo kikavu kwa fulana kunakikwaruza polepole hadi kinapoteza weusi wake juani. Suuza kwanza kwa maji safi, bonyeza vitufe mara chache maji yakipita ili chembe zitoke, kisha kausha kwa kitambaa laini. Saa yenye kiwango cha kuhimili maji cha 5 ATM inahimili hilo bila shida.

Chaji inakoenda

Wengi wakiona chaji inaisha haraka hukata sekunde za kioo, kumbe mlaji ni WhatsApp. Vikundi vya harusi, vya ukoo na vya kazini vikipiga ujumbe 200 kwa siku, na kila mmoja ukawasha kioo sekunde 8, hizo ni karibu dakika 27 za kioo kuwaka bila wewe kutazama chochote. Zima arifa za vikundi kwenye simu, au kwenye Garmin zima Alerts ndani ya General Use ili saa itetemeke bila kuwaka. Sura ya saa nayo ina uzito kwenye AMOLED: mandhari nyeupe au picha ya familia inawasha pikseli zote, nyeusi yenye tarakimu nyembamba inawasha chache. Unayetumia kioo cha muda wote chagua sura nyeusi, na ubadilishe sura mara kwa mara, kwa sababu alama inayokaa sehemu moja kwa miezi huacha kivuli cha kudumu kwenye OLED.

Umeme ukikatika na ukategemea pawabenki, utakutana na tatizo la ajabu: inachaji dakika chache kisha inajizima. Saa inavuta umeme mdogo mno, na pawabenki nyingi hudhani hakuna kitu kilichochomekwa. Tafuta yenye hali ya umeme mdogo, mara nyingi huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili, au chomeka simu kwenye tundu la pili wakati huo huo.

Zipi tunazipendekeza

Kwa mkimbiaji au mwendesha baiskeli wa nje, Forerunner 255 iko juu ya orodha yetu, na Coros Pace 3 iko bega kwa bega nayo: kioo cha MIP, hadi siku 24 za kawaida, saa 38 za GPS, na gramu 30 ukitumia mkanda wa nailoni. Forerunner 55 ni ya anayeanza. Anayetaka rangi achukue Forerunner 165 au 265, apange kioo cha muda wote kwa mazoezi pekee. Kwa pesa ndogo, Band 9. Kwa kioo kikubwa cha bei ya kati, Bip 6. Saa za LCD zenye umbo la kuigiza hatuzipendekezi kwa mazoezi ya nje hata zikiwa za bei ya chakula cha mchana, kwa sababu kioo kisichosomeka juani hakirekebishiki kwa mpangilio wowote.

Ukishainunua, punguza vilivyomo kwenye ukurasa wa mazoezi. Kwenye Garmin, fungua zoezi kabla ya kulianza, shikilia kitufe cha katikati kushoto, ingia mipangilio ya zoezi, Data Screens, Layout, uchague sehemu tatu badala ya sita: umbali, kasi ya kilomita unayokimbia, na mapigo ya moyo. Tarakimu zinakuwa kubwa, na sekunde za kusoma zinapungua. Washa Auto Lap ya kilomita 1. Kila kilomita saa itatetemeka na kuwasha kioo yenyewe na muda wa kilomita iliyopita, na kwa wengi huo ndio usomaji pekee wanaouhitaji hadi kilomita inayofuata.